Televisheni Nyumbani na Makuzi ya Lugha ya Mtoto: Mtazamo wa Kihistoria

1. UTANGULIZI

Lawama dhidi ya televisheni si ngeni kwa wasomaji wa jarida hili. Husemwa kwamba imewanyamazisha mabibi, imeiua hadithi ya jioni, na imewafanya watoto kuwa wasikilizaji wa maneno ya watu wa mbali huku wakikosa maneno yao wenyewe. Wapo nao wanaoitetea kwa nguvu zizo hizo, wakidai kwamba mtoto wa leo hufika shuleni na msamiati mpana kuliko aliokuwa nao babu yake katika umri huo, na kwamba Kiswahili chenyewe kimeingia katika nyumba nyingi za bara ya Kenya kwa mlango wa televisheni. Mabishano haya aghalabu huendeshwa kwa kumbukumbu za utotoni. Kila mmoja huuchukua utoto wake kuwa kipimo, kisha akaupimia utoto wa wengine.

Madhumuni ya makala hii ni kuyatazama mabishano hayo kwa jicho la historia. Televisheni haikuingia katika nyumba zote za ulimwengu kwa siku moja. Palikuwa na miji iliyoipata mapema na miji iliyochelewa. Palikuwa na nchi zilizoikaribisha na nchi zilizoizuia kwa makusudi. Tofauti hizo za wakati ndizo zinazomwezesha mchunguzi kuuliza swali lenye maana: chombo hiki kilipoingia sebuleni kiliondoa nini, na hicho kilichoondolewa kilikuwa na kazi gani katika makuzi ya mtoto? Hoja tutakayojaribu kuithibitisha hatua kwa hatua ni kwamba hasara kubwa ya mtoto mdogo hutokana na mazungumzo anayoyakosa kuliko picha anazoziona, na kwamba mazungumzo hayo huondolewa na mazoea ya nyumba, si na chombo peke yake.

Tutalitumia neno televisheni, ambalo ndilo lililotangulia kuzoeleka, ingawa runinga na luninga nayo yameenea katika magazeti na vitabu vya shule.

2. CHOMBO KINAINGIA AFRIKA YA MASHARIKI

Matangazo ya televisheni yalianza Kenya mwezi wa Oktoba 1962, mwaka mmoja na ushei kabla ya uhuru, chini ya Shirika la Utangazaji la Kenya lililokuwa limeundwa mwaka 1961. Mtambo wa kwanza uliwekwa katika nyumba ya shambani huko Limuru, na nguvu zake ziliyafikisha matangazo umbali wa maili 15 tu kuuzunguka. Mwezi wa Julai 1964 utangazaji ulifanywa idara ya serikali kwa sheria ya Bunge, ukaitwa Sauti ya Kenya. Mwaka 1970 kituo kingine kilifunguliwa Mombasa, na mwaka 1978 picha zikaanza kuonekana kwa rangi. Mwaka 1989 sheria nyingine ililirudisha jina la shirika, na mwaka 1990 kituo cha KTN kikaanza kazi, ukawa ndio mwisho wa serikali kuwa mtangazaji wa pekee wa televisheni nchini.

Jirani zetu walikwenda kwa mwendo mwingine. Uganda ilianza mwaka 1963. Zanzibar iliianza televisheni yake mwanzoni mwa miaka ya 1970, nayo ilikuwa ya rangi tangu mwanzo, jambo ambalo nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado hazijalifikia. Tanzania Bara, kwa upande wake, ilikaa bila kituo chochote cha televisheni hadi mwaka 1994 vituo vya watu binafsi vilipofunguliwa. Serikali ilikuwa imeona kwamba anasa hiyo ingewahudumia wachache wa mijini, ilhali redio iliwafikia wakulima vijijini. Kwa hiyo watoto wawili waliozaliwa mwaka 1980, mmoja Mjini Unguja na mwingine Dodoma, wakizungumza lugha moja na kuishi chini ya bendera moja, walipitia utoto wa namna mbili kwa jambo hili: wa kwanza aliweza kuikuta televisheni kwao alipopata fahamu, na wa pili alifikia umri wa miaka 14 kabla ya bara kuwa na kituo chake.

Inafaa kukumbuka namna watu walivyotazama katika miaka ile. Seti zilikuwa chache, nazo zilikuwa za watu wenye uwezo. Watoto wa majirani walijazana mlangoni na madirishani. Wengine walitazama katika kumbi za jumuiya. Matangazo yenyewe yalikuwa ya saa chache za jioni. Vipindi vya Kiswahili vya Sauti ya Kenya kama Vioja Mahakamani na Vitimbi vilitazamwa na watu wa rika zote wakiwa wamekaa pamoja, na mtoto asiyefahamu kichekesho alimgeukia mkubwa aliye karibu akauliza watu wanacheka nini. Kutazama kulikuwa tendo la jamaa, na maneno ya televisheni yalimfikia mtoto yakiwa yamezungukwa na maneno ya watu.

Hali hiyo imebadilika. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba takriban kaya 4 kati ya kila 10 nchini Kenya zilikuwa na televisheni. Tangu kuhamia matangazo ya dijitali mwaka 2015 vituo vimezidi kuwa vingi, na vingi havifungi usiku wala mchana. Badiliko kubwa zaidi, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni la mazoea. Zamani familia iliiwasha televisheni ili itazame kipindi fulani, kisha ikaizima. Siku hizi nyumba nyingi huiwasha asubuhi kama iwashavyo taa gizani, ikaachwa inasema peke yake hadi usiku, awepo mtazamaji asiwepo. Mama akipika, yaya akifua, mtoto akitambaa sakafuni, sauti ile ipo. Tutaona baadaye kwamba mazoea haya ndiyo yanayostahili kuhofiwa kuliko kipindi chochote kimoja.

3. SAA MOJA YA KIMYA UINGEREZA

Mgongano kati ya televisheni na malezi si jambo la Afrika peke yake. Uingereza, iliyoanza matangazo ya kila siku mwaka 1936 na kuyasimamisha wakati wa Vita Vikuu vya Pili, iliyarudisha mwaka 1946. Baada ya vita kukawa na desturi ya ajabu: kila siku baina ya saa kumi na mbili na saa moja jioni matangazo yalizimwa kabisa. Kusudi lake lilikuwa kuwapa wazazi nafasi ya kuwalaza watoto wadogo na kuwapa wakubwa nafasi ya kufanya kazi zao za shule. Waingereza waliyaita mapatano ya watoto wachanga, kana kwamba wazazi na televisheni walikuwa majeshi mawili yaliyokubaliana kuacha mapigano kwa saa moja.

Desturi hiyo haikudumu. Mwaka 1955 vituo vya biashara vilianza, navyo viliishi kwa matangazo ya bidhaa. Saa moja ya kimya ilikuwa kwao saa moja ya hasara. Mwezi wa Februari 1957 mapatano yakavunjwa, na wajibu wa kuwalaza watoto ukaachiwa wazazi wenyewe. Wapo waliosema wakati ule kwamba si kazi ya serikali kumwambia mzazi lini amlaze mtoto wake, na hoja hiyo ina uzito wake. Hata hivyo kisa hiki kinatufunza kwamba ratiba ya nyumba haipangwi na wazazi peke yao. Mwenye kutangaza naye ana mkono katika ratiba hiyo, na faida yake si lazima iwe faida ya mtoto.

4. MIJI ILIYOCHELEWA

Uchunguzi mkubwa wa kwanza wa kisayansi ulifanywa huko huko Uingereza na Hilde Himmelweit pamoja na wenzake, ukachapishwa mwaka 1958. Ubora wake ulikuwa katika mbinu. Wachunguzi walikwenda katika mji wa Norwich kabla ya mtambo wa kurushia matangazo kufunguliwa huko, wakawahoji watoto, kisha wakarudi baada ya baadhi ya familia kununua seti. Waliona kwamba televisheni ilichukua nafasi ya mambo yaliyofanana nayo, yaani redio, sinema na vitabu vya picha za vichekesho. Usomaji wa vitabu ulipungua mwanzoni, kisha ukarudi. Kwa ufupi, kitu kipya huondoa kwanza kile kinachotoa huduma ile ile. Tutairejea kanuni hii tutakapoijadili hadithi ya jioni.

Miaka mitatu baadaye, 1961, Wilbur Schramm, Jack Lyle na Edwin Parker walitoa kitabu juu ya watoto wa Marekani na Kanada, wakilinganisha, miongoni mwa mengine, mji wa Kanada uliokuwa na televisheni na mwingine uliokuwa haujaipata. Matokeo yao yanawahusu wanaisimu moja kwa moja. Watoto wa mji wenye televisheni walianza shule wakiwa wametangulia wenzao kwa msamiati. Lakini walipofika darasa la sita ubora huo ulikuwa umetoweka. Televisheni iliwapa mbio za mwanzo, si za mwisho.

Uchunguzi wa tatu ulifanywa katika jimbo la British Columbia huko Kanada. Mji mmoja mdogo, ambao wachunguzi waliuficha kwa jina la kubuni la Notel, ulikuwa bondeni mahali ambapo matangazo hayakufika hata mwaka 1973. Watu wake hawakuwa maskini wala hawakuwa wametengwa na ulimwengu. Milima ndiyo iliyowanyima televisheni. Tannis MacBeth Williams na wenzake waliwapima watoto wa mji huo kabla ya televisheni kufika, wakawapima tena miaka miwili baadaye, wakilinganisha na miji miwili ya jirani iliyokuwa nayo. Kabla ya televisheni, watoto wa Notel waliwapita wenzao katika vipimo vya ubunifu, na wadogo wao walisoma kwa ufasaha zaidi. Baada ya miaka miwili ubora huo ulikuwa umepungua, ugomvi wa mikono na wa maneno uliongezeka, na watu wazima walipungua kuhudhuria shughuli za jumuiya. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 1986, yalitumiwa sana na wale wanaoilaumu televisheni.

Lakini historia haikuishia hapo. Mwaka 1948 serikali ya Marekani ilisimamisha utoaji wa leseni mpya za vituo hadi mwaka 1952, ikawa miji mingine imekwisha kupata televisheni na mingine inangoja, kwa sababu zisizohusiana na uhodari wa watoto wake. Matthew Gentzkow na Jesse Shapiro walilitumia tukio hilo katika uchunguzi walioutoa mwaka 2008. Walizichukua alama za mitihani za maelfu ya wanafunzi waliopimwa mwaka 1965, wakauliza kama wale waliokuwa na televisheni kabla ya kuanza shule walikuwa nyuma ya wenzao. Hawakuwa nyuma. Kwa wastani walikuwa mbele kwa kiasi kidogo mno. Jambo la kupendeza ni kwamba faida ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto ambao nyumbani kwao Kiingereza hakikuwa lugha ya kwanza, na kwa wale ambao mama zao walikuwa na elimu ndogo.

Msomaji atauliza: tumwamini nani? Hapana ulazima wa kumkana mmoja ili kumkubali mwingine. Tukizipanga habari hizi pamoja tunaona kanuni moja. Matokeo ya televisheni hutegemea kile ilichokiondoa. Katika mji mdogo uliojaa michezo, mikutano na vitabu, iliyaondoa hayo na mtoto akapata hasara. Katika nyumba ambayo lugha ya shule haikusikika kabisa, haikuondoa maneno ya lugha hiyo, iliyaleta.

5. MTOTO MDOGO NA JIBU ANALOLINGOJA

Hadi hapa tumesema hasa juu ya watoto wa umri wa shule. Mtoto wa chini ya miaka mitatu ana habari yake, na hapa ndipo wanaisimu walipotoa ushahidi wenye nguvu zaidi.

Mwaka 1981 Jacqueline Sachs na wenzake walichapisha habari za mtoto mmoja wa Marekani aliyesikia vizuri lakini wazazi wake walikuwa viziwi. Wazazi waliwasiliana kwa lugha ya ishara baina yao, ila hawakuitumia kwa mtoto wao, kwa kuwa alikuwa na masikio mazima. Kiingereza alikisikia hasa kwenye televisheni. Alipochunguzwa akiwa na umri wa miaka mitatu na miezi tisa, alikuwa na maneno, lakini namna alivyoyaunganisha ilikuwa na kasoro kubwa na usemi wake ulikuwa nyuma ya umri wake. Alipoanza kuzungumzishwa na mtu mzima kwa utaratibu, usemi wake ulinyooka katika muda wa miezi michache. Mdogo wake, ambaye tangu mwanzo alikuwa na kaka wa kuzungumza naye, hakuonyesha kasoro zile. Mtoto mmoja hatoshi kujenga nadharia. Hata hivyo kisa hiki kilitenganisha mambo mawili ambayo kwa kawaida huja pamoja, yaani kuisikia lugha na kuzungumzishwa kwa lugha.

Jaribio la Patricia Kuhl na wenzake, lililotolewa mwaka 2003, lililithibitisha jambo hilo kwa njia nyingine. Watoto wa Marekani wenye umri wa miezi tisa walisomewa na kuchezeshwa kwa Kichina cha Mandarin katika vikao 12. Kundi moja lilikuwa na msemaji ana kwa ana. Makundi mengine yaliwapata wasemaji hao hao kwa kanda za picha na sauti, au za sauti peke yake. Wale wa ana kwa ana walizihifadhi tofauti za sauti za Kichina kama watoto waliozaliwa katika lugha hiyo. Wale wa kanda hawakujifunza chochote kilichopimika. Maneno yalikuwa yale yale na wasemaji wale wale; kilichokosekana ni mtu wa kumtazama mtoto na kumjibu.

Je, kosa ni la kioo? La. Mwaka 2014 Sarah Roseberry na wenzake walionyesha kwamba watoto wa karibu miaka miwili hadi miwili na nusu waliweza kujifunza vitenzi vipya kutoka kwa mtu aliyeonekana kwenye kioo, mradi mtu huyo alikuwa akizungumza nao papo kwa papo na kuwajibu. Kanda iliyorekodiwa haikuwafaa vivyo hivyo. Kwa hiyo kinachofundisha ni jibu linalokuja kwa wakati wake na kumhusu mtoto mwenyewe.

Sasa tuirudie televisheni iwashwayo kama taa. Wachunguzi wa Marekani waliowaangalia watoto wa miaka mitatu na chini yake wakicheza waliona kwamba kipindi cha watu wazima kikiwa kinaendelea chumbani, mtoto alikitupia macho mara chache tu, lakini mchezo wake ulikatika-katika na kuwa mfupi. Na wazazi waliokuwa karibu walipungua kusema naye. Dimitri Christakis na wenzake waliwavisha watoto 329 wa umri wa miezi miwili hadi miaka minne vinasa sauti vidogo, wakatoa matokeo mwaka 2009. Kila saa moja ya sauti ya televisheni iliambatana na upungufu wa maneno 770 ambayo mtoto angeyasikia kutoka kwa mtu mzima, na mtoto naye alitoa sauti chache zaidi. Ni kweli kwamba kuambatana si kusababisha. Yawezekana nyumba zenye maneno machache ndizo zinazoiwasha televisheni zaidi. Lakini majaribio ya chumbani, ambamo televisheni iliwashwa na kuzimwa mbele ya wazazi wale wale, yanaonyesha kwamba angalau sehemu ya upungufu huo inatoka katika chombo.

Madaktari wa watoto wa Marekani walishauri mwaka 1999 kwamba watoto wa chini ya miaka miwili wasitazamishwe televisheni, ushauri ambao waliulegeza kidogo mwaka 2016 ili kuruhusu mazungumzo ya ana kwa ana kupitia kioo. Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili asikalishwe mbele ya kioo, na mwenye miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku.

6. PAUKWA NA PAKAWA

Msomaji wa fasihi simulizi bila shaka amekwisha kuona tunakoelekea. Mtambaji wa Kiswahili haanzi hadithi yake mpaka hadhira imemjibu. Akisema "Paukwa!" hungoja "Pakawa!" Mwenye kitendawili hungoja aambiwe "Tega!", na akishatega hungoja jibu; likikosekana hudai mji, na mji hauna budi kutolewa kwa jina kabla ya jibu kufunuliwa. Mtoto wa miaka mitatu ambaye bado haielewi hadithi anaijua tayari zamu yake. Tumezoea kuzieleza kanuni hizi kama pambo la ufunguzi. Ushahidi tulioutaja unatuambia kwamba ni zaidi ya pambo: zimejengwa juu ya jambo lile lile ambalo maabara zimeliona kuwa ndilo linalomfundisha mtoto lugha, yaani zamu ya kusema na kujibiwa.

Je, televisheni ndiyo iliyoiua hadithi ya jioni? Historia haiungi mkono shtaka hili kwa ukamilifu wake. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walipotoa waraka wao maarufu mjini Nairobi, waliipa fasihi simulizi mahali pa heshima katika masomo waliyoyapendekeza. Na katika miaka ya 1970 wanafunzi wengi walikuwa wakienda vijijini kunasa hadithi kwa hofu kwamba wazee watakufa nazo. Wakati huo televisheni ilikuwa katika nyumba chache za mijini. Huko Tanzania Bara, ambako hapakuwa na kituo hata kimoja, kazi ya kukusanya hadithi na vitendawili ilifanywa kwa haraka iyo hiyo. Hofu ilitangulia chombo. Mabibi walikuwa wamekwisha kubaki vijijini huku wana wao wakienda kutafuta kazi mijini. Shule za bweni zilikuwa zimekwisha kuwachukua wajukuu. Na kazi za shule zilikuwa zimekwisha kuzichukua jioni.

Kwa hiyo ni sahihi zaidi kusema kwamba mara nyingi televisheni iliingia nyumba ambayo mtambaji alikuwa amekwisha kuondoka, ikakalia kiti chake. Kanuni ya Norwich inatusaidia hapa. Kwa upande wa kuburudisha, televisheni ilitoa huduma ile ile ya hadithi na kwa hiyo ikaiondoa kwa urahisi. Kwa upande wa kumjibu mtoto haikutoa huduma yoyote. Na kwa kuwa burudani ilipatikana, watu hawakutambua kwamba huduma ya pili imekoma. Hiki ndicho kiini cha hasara. Kiti kinaonekana kina mtu.

7. VIPINDI VINAVYONGOJA JIBU

Haingekuwa haki kumaliza bila kuitaja juhudi ya waliojaribu kuitumia televisheni kwa manufaa ya watoto. Kipindi cha Sesame Street kilianza Marekani mwezi wa Novemba 1969, kikiwakusudia hasa watoto wa familia maskini ambao hawakupata shule ya vitoto. Tathmini za kwanza zilionyesha kwamba waliokitazama zaidi walijifunza zaidi herufi na tarakimu. Mwaka 1975 Thomas Cook na wenzake walizichambua upya tathmini hizo, wakaonyesha kwamba sehemu kubwa ya faida ilitokana na kuhimizwa: familia zilikuwa zimetembelewa na kushawishiwa kumkalisha mtoto na kumtazamisha. Mkono wa mtu ulikuwemo nyuma ya kioo. Judy DeLoache na wenzake waliona jambo la namna hiyo mwaka 2010 walipowapima watoto wa mwaka mmoja hadi mmoja na nusu kwa kanda iliyouzwa kama mwalimu wa maneno. Baada ya mwezi mzima, waliotazama kanda hawakuwapita wasioitazama. Waliojifunza zaidi ni wale ambao wazazi wao walifundishwa maneno hayo na kuambiwa wawafunze watoto kwa njia yoyote waipendayo, bila kanda.

Kuanzia mwaka 1996 kipindi cha Marekani kiitwacho Blue's Clues kilijaribu mbinu mpya: msimulizi huuliza swali, kisha hunyamaza huku akimtazama mtoto, ili mtoto ajibu. Mtu aliyekulia katika vitendawili atatabasamu. Watengenezaji walikuwa wamegundua "Tega!" kwa njia ndefu. Karibu nasi zaidi, shirika la Ubongo la Dar es Salaam limetengeneza kwa Kiswahili kipindi cha Akili and Me, juu ya msichana wa miaka minne aishiye chini ya Mlima Kilimanjaro. Dina Borzekowski alikijaribu kwa watoto wa Morogoro, na katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2018 waliokitazama waliwapita wenzao kwa kutambua maumbo na tarakimu na kwa kuhesabu. Mtoto wa miaka minne anaweza basi kufaidika na kipindi kilichopangwa kwa ajili yake, katika lugha anayoifahamu, kwa muda uliowekwa. Hiyo si hoja ya kuiacha televisheni ikisema siku nzima juu ya kichwa cha mtoto wa mwaka mmoja.

8. HITIMISHO

Tumejaribu kuonyesha kwamba historia haimhukumu televisheni wala haimwachilii. Miji iliyochelewa inatufunza kwamba athari yake hutegemea kile inachokiondoa. Uchunguzi wa lugha unatufunza kwamba kwa mtoto mdogo kitu kisichofaa kuondolewa ni mazungumzo ya kupokezana, na kwamba kinachoyaondoa zaidi ni mazoea ya kuiacha ikiwaka bila mtazamaji.

Mambo mawili yanafuata kwa wanaidara wa lugha. Kwanza, karibu ushahidi wote tulioutumia kuhusu watoto wa chini ya miaka mitatu umetoka katika nyumba za Marekani, zenye mzazi mmoja au wawili na lugha moja. Nyumba ya mtaa wa Eastleigh, ya Likoni au ya Kakamega ina shangazi, yaya, ndugu wakubwa na wapangaji. Ina lugha ya mama, Kiswahili na Kiingereza kwa pamoja. Yamkini maneno yanayoondolewa huko si ya lugha zote kwa kiwango kimoja. Tuna sababu ya kushuku kwamba ya kwanza kuondoka ni lugha ya mama, kwa kuwa ndiyo isiyosikika sana katika televisheni na humfikia mtoto hasa kwa kinywa cha mtu. Vinasa sauti vipo, wanafunzi wapo, na kazi hii haihitaji maabara. Inahitaji ruhusa ya wenye nyumba na subira ya kunakili.

Pili, tuwe waangalifu tunapowashauri wazazi. Mama arudiye kutoka kazini saa moja usiku, akawasha televisheni ili apate nafasi ya kupika, hajafanya kosa la kuaibishwa, na kumlaumu hakutamrudisha bibi kutoka kijijini. Tunachoweza kumwambia kwa uhakika ni kidogo, lakini kinatosha kuanzia: kipindi kikiisha aizime, na mtoto akionyesha kitu kwa kidole, hata akiwa hajui kukitaja, ajibiwe. Mtoto huyo amekwisha kusema "Paukwa" kwa lugha aliyo nayo, na anangoja.